Pimeni Betri Kabla Gari Halijapanda Meli

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS),
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kuhusu nambari moja inayowaka kwenye dashibodi ya gari langu, ile inayoniambia nimebakiwa na kilomita ngapi kabla sijasimama barabarani. Gari lenyewe ni haibridi ya kuchaji. Lina betri ninayoichomeka ukutani usiku, na lina tangi la petroli kama gari jingine lolote. Lilitoka Japani likiwa limetumika, nikalinunua kwenye yadi moja hapa Nairobi. Jina la yadi silitaji, wala la kiwanda kilichounda gari. Sikuja kushtaki mtu. Nimekuja na ombi, ila kwanza nikueleze lilikozaliwa.

Jumamosi moja mwezi wa Julai nilimpeleka mama Naivasha kumwona dada yake aliyekuwa mgonjwa. Tulitoka Ruaka asubuhi, watu watano garini, betri ikiwa imechajiwa usiku kucha. Dashibodi iliandika umeme kilomita 40, petroli kilomita 210, jumla 250. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 160. Nikaona nina akiba ya kutosha, nikavipita vituo vya mafuta.

Umeme ulikwisha baada ya kilomita 22, tukiwa bado tunapanda. Injini ikachukua kazi. Tulipoanza kuteremka kutoka Kinale kuelekea Naivasha ile nambari ikawa inaongezeka badala ya kupungua, na moyo wangu ukatulia. Jioni tukigeuza kurudi ilisoma 95. Nyumbani ni kilomita 80, kwa hiyo sikusimama kuongeza mafuta. Kisha mlima ukaanza. Ile 95 ikawa 60, ikawa 31, halafu nambari ikatoweka kabisa na mahali pake pakaja vistari vitatu. Gari lilizimika kwenye msitu wa Kinale giza likiingia. Baridi ya huko unaijua. Mama alikuwa na shali moja tu, na ana miaka 74. Kijana wa bodaboda ndiye aliyetuokoa: alikwenda kutafuta petroli akaileta kwenye mtungi wa lita tano, na malipo aliyoomba yalikuwa madogo mno kuliko nilivyokuwa tayari kumpa.

Tangu siku hiyo nimejifunza jinsi nambari ile inavyotengenezwa. Kompyuta ya gari haiijui Kinale wala haijui umepakia watu wangapi. Inatazama jinsi gari lilivyotumia mafuta siku zilizopita, inapata wastani wa kilomita kwa lita, kisha inazidisha kwa lita zilizobaki tangini. Wiki ile nzima nilikuwa nimeenda kazini na kurudi, safari fupi, nyingi kwa umeme, injini ikisaidia hapa na pale. Kompyuta ikaandika kwamba kila lita inanipeleka kilomita 21. Kazi ilikuwa imefanywa na umeme, lakini sifa ilipewa petroli. Lita 10 mara 21, ndiyo ile 210 niliyoiamini. Kule mlimani, betri ikiwa tupu, lita moja haikunifikisha hata kilomita 10.

Na mlima una hesabu yake ambayo haibembelezeki. Kupandisha gari la tani mbili pamoja na abiria wake kwa mita 500 tu kunataka karibu yuniti 3 za umeme, kabla hujaweka upepo unaolikabili gari na msuguano wa magurudumu. Naivasha hadi kilele cha Kinale ni zaidi ya mita hizo 500. Mitsubishi Outlander ya kuchaji iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2013 ilikuwa na betri ya yuniti 12 ikiwa mpya. Yaani robo nzima ya betri mpya inakwenda kwenye kupanda peke yake. Ukiteremka gari hurudisha sehemu ya nguvu hiyo kwenye betri, si yote, na dashibodi huifurahia kupita kiasi.

Kisio la dashibodi basi nimeshalielewa, na dereva yeyote anaweza kulielewa akielezwa. Ujaze tangi kwa kutazama geji, ukijua kwamba kilomita unazoonyeshwa zinasimulia safari zilizopita. Jambo ambalo dereva hawezi kulijua kwa kutazama tu ni hali ya betri aliyouziwa. Nilipompelekea fundi gari, akachomeka mashine yake na kusoma kompyuta ya gari, betri yangu ilikutwa imebaki na asilimia 61 ya uwezo wake wa awali. Katika karatasi zote nilizokabidhiwa na muuzaji hapakuwa na hata mstari mmoja kuhusu betri. Kwenye yadi niliambiwa, "Hii inaenda sitini bila petroli, madam." Nami nikalipa kwa kuamini hiyo sitini.

Naomba nikae kidogo kwenye sitini hiyo, kwa sababu nadhani Wakenya wengi wameuziwa hiyo hiyo. Ile Outlander ya 2013 ilipewa kilomita 60.2 za umeme na kipimo cha Kijapani kiitwacho JC08. Kipimo hicho hufanyika maabara, gari likizungushwa magurudumu juu ya roli kwa mwendo wa wastani wa kama kilomita 24 kwa saa, na kasi ya juu kabisa isiyozidi 82. Ni mwendo wa mji uliojaa taa za barabarani, ulio tambarare. Kipimo cha Ulaya cha wakati huo kililipa gari hilo kilomita 52. Wamarekani walipolipima la kwao la mwaka 2018, lenye betri ya yuniti zilezile 12, wakaandika maili 22, ambazo ni kilomita 35. Betri ukubwa uleule, vipimo vitatu, majibu matatu, na hapo tunazungumzia betri mpya. Muuzaji wa kwetu huchagua jibu refu zaidi kisha analibandika kwenye betri iliyokwisha kuchoka.

Hata walio na maabara zao wamekutana na pengo hili. Mwaka 2024 Kamisheni ya Ulaya ilitoa takwimu zilizokusanywa na vifaa vilivyomo ndani ya magari yenyewe. Haibridi za kuchaji zilikuwa zikitoa hewa ya kaboni mara 3.5 ya kiwango kilichoandikwa na maabara, kwa kiasi kikubwa kwa sababu wenye magari hawayachaji wala kuyaendesha jinsi kipimo kinavyodhani. Basi gari lililoishi Japani miaka sita au saba, nani atakueleza lilichajiwa vipi? Kilomita chache kwenye mita hazisemi lolote. Gari linaweza kuwa limetembea kidogo na betri yake imechoka kwa umri na joto.

Ombi langu ni hili, Mheshimiwa. Magari yaliyotumika hukaguliwa nchini yanakotoka kabla ya kuletwa Mombasa, na kanuni yetu, KS 1515, hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Mkaguzi anayetazama breki na taa anaweza, kwa dakika chache na mashine ndogo kama ya fundi wangu, kusoma uwezo uliobaki wa betri. Uandikwe kwenye cheti kwa asilimia, pamoja na tarehe ya kusomwa. Na pale tangazo au karatasi ya muuzaji inapotaja kilomita za umeme, itaje pia ni kipimo gani kilichotoa kilomita hizo.

Pa kuanzia pako tayari. Mwaka 2022 jukwaa la Umoja wa Mataifa linaloandaa kanuni za magari lilipitisha kanuni ya uimara wa betri, haibridi za kuchaji zikiwemo: betri ibaki na angalau asilimia 80 baada ya miaka 5 au kilomita 100,000, na asilimia 70 baada ya miaka 8 au kilomita 160,000. Miaka 8 ndiyo mpaka wetu sisi pia. Sisemi gari la asilimia 61 lizuiwe bandarini. Kuna mtu litakayemfaa, akilinunua kwa bei ya asilimia 61. Ninachotaka ni ajue kabla hajalipa. Friji inayouzwa madukani ina kibandiko cha nyota kinachomwambia mnunuzi itakula umeme kiasi gani. Gari linalogharimu friji arobaini haliwezi kukosa kibandiko.

Nimesikia hoja kwamba magari haya bado ni machache. Mimi naona ndiyo sababu ya kufanya haraka. Kila tarehe 14 ya mwezi tunasubiri bei mpya za mafuta, na kila zikipanda, kuna familia inayoanza kuuliza habari za gari la kuchaji. Wanayoyatafuta ni yaleyale yatakayotoka Japani, yakiwa na betri zenye umri.

Shemeji yangu ni mmoja wao. Ameweka akiba miaka minne na ameshapata gari mtandaoni, haibridi ya kuchaji ya mwaka 2019, ambayo bado iko Japani. Wiki iliyopita aliniuliza litamfikisha wapi kwa umeme. Nilimwambia sijui, amwandikie muuzaji amtumie kipimo cha betri. Muuzaji alimjibu kwa picha ya dashibodi.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Ruaka