Plagi Ndogo na Deni Kubwa



Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huo aghalabu twautumia tuzungumzapo mambo ya nyumba na malezi. Leo nimeona yafaa tuutumie kwa kitu kidogo kinachoshikika kwa vidole viwili, ambacho kimekula fedha za bati za paa katika nyumba moja ya ukoo wetu. Kitu chenyewe ni plagi ya gari.

Mpwa wangu, kijana mwenye bidii na adabu, alinunua Subaru Impreza yenye tabo iliyokwisha kutumika Japani. Simlaumu kwa kuipenda. Impreza WRX ilipotoka kiwandani mwaka 1992 ilikuwa na injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi 240. Nao wapenzi wa mashindano wa Afrika Mashariki hawajasahau kwamba gari la jina hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1997 chini ya Colin McRae, na tena mwaka 2000 chini ya Richard Burns. Lakini kijana hakuridhika na nguvu alizozikuta. Alimpelekea fundi, naye akapandisha shinikizo la tabo kutoka bar 1 hadi bar 1.4 na kupanga upya kompyuta ya injini.

Fundi yule alimpa nasaha moja ya haki: "Ukifika nyumbani, badili plagi, uweke zilizo baridi zaidi kwa daraja moja." Kijana alikumbuka kwamba plagi zilizokuwamo zilikuwa na namba 6. Akaenda dukani, akakuta plagi za kiwanda kingine, akaomba namba iliyo juu. Muuzaji akampa, wakaagana kwa furaha. Majuma mawili baadaye, akipanda Kitonga kuelekea Iringa, akiwa na mama yake waliyekuwa wakienda pamoja msibani, injini ilianza kugonga kama mtu apigaye debe kwa nyundo. Moshi wa buluu ukafuata, na gari likazimika. Mama yule alizikiwa ndugu yake akiwa kando ya barabara. Injini ilipofunguliwa, pistoni moja ilionekana imetoboka.

Kosa lilikuwa wapi? Ili tulielewe, hapana budi tuanze mwanzo.

Plagi ina kazi mbili. Ya kwanza yajulikana na wote: kutoa cheche ya kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda. Injini ya mipigo minne inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 50 kwa sekunde moja. Kazi ya pili husahauliwa: kulitoa joto katika ncha yake na kulipitisha kwenye kifuniko cha silinda, ambako maji ya kupozea hulichukua. Ncha ya plagi inapaswa kuwa na joto la kutosha kuunguza masizi yanayoigandia, yaani kiasi cha nyuzi 450 hadi 500 za Selsiasi. Lakini ikipita nyuzi 850 hivi, ncha yenyewe hugeuka kaa la moto, na petroli huwaka kabla cheche haijatoka. Hapo pistoni ingali yapanda, na mlipuko unaisukuma ishuke. Chuma gani kitastahimili ugomvi huo?

Kwa sababu hiyo viwanda hutengeneza plagi za madaraja mbalimbali ya joto. Plagi iitwayo baridi ina pua fupi ya kaure, nayo hulitoa joto upesi. Plagi iitwayo moto ina pua ndefu, nayo hulihifadhi joto. Maneno hayo hayahusiani na ukali wa cheche hata kidogo.

Sasa, tabo ni pangaboi linalozungushwa na moshi utokao katika injini, likisukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Shinikizo la bar 1 juu ya lile la kawaida maana yake ni kwamba hewa inaingia ikiwa imebanwa karibu mara mbili ya hewa tuivutayo sisi. Hewa ikizidi, petroli huzidi, na joto huzidi. Plagi iliyotosha jana haitoshi leo. Ndiyo maana fundi alitaka iliyo baridi zaidi.

Na hapa ndipo mpwa wangu alipojikwaa, ndugu msomaji, nami nakuomba uyashike maneno haya hata ukiyasahau mengine yote. Namba za viwanda hazisomwi kwa namna moja. Kwa NGK na Denso, namba ikikua, plagi ni baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion, namba ikikua, plagi ni moto zaidi. Kijana alidhani anapanda ngazi kumbe anashuka. Plagi zenyewe hazikuwa na ila. Ila ilikuwa ya mteja na muuzaji ambao hawakuulizana.

Tena, hata viwanda viwili vinavyosoma upande mmoja havitumii tarakimu sawa. Namba 6 ya NGK hulingana na 20 ya Denso. Namba 7 na 22. Namba 8 na 24. Kwa hiyo usibadili kiwanda bila kutazama jedwali la ulinganisho ambalo kila muuzaji mwaminifu anapaswa kuwa nalo.

Utateremka madaraja mangapi? Kanuni ya mafundi, ambayo hata NGK huitaja, ni daraja moja kwa kila nyongeza ya nguvu za farasi 75 hadi 100. Gari la nguvu 250 lililopandishwa hadi 330 litahitaji kutoka namba 6 kwenda 7 ya NGK. Namba 8 ni ya gari la mashindano au lililoongezewa nguvu nyingi mno. Usiseme, "Basi nitaweka 9 nilale usingizi." Gari linalopeleka watoto shule na kurudi sokoni halipati moto wa kutosha, plagi iliyo baridi kupita kiasi itajaa masizi meusi, na asubuhi utalisukuma mbele ya majirani.

Jambo la pili ni nafasi iliyopo kati ya ncha mbili za plagi. Mwanasayansi wa Kijerumani Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba umeme unaohitajika kuruka katika hewa hutegemea shinikizo la hewa hiyo likizidishwa kwa upana wa nafasi. Kwa hiyo hewa ikibanwa zaidi katika silinda, koili hulazimika kutoa umeme mkali zaidi, na ikishindwa, cheche huzimika kama mshumaa katika upepo. Dereva huona gari likikatakata kila akanyagapo mafuta kwa nguvu. Dawa ni kupunguza nafasi. Injini nyingi za Subaru zenye tabo hutoka kiwandani zikiwa na nafasi ya milimita 0.7 hadi 0.8. Shinikizo likipandishwa, mafundi wengi huishusha hadi milimita 0.6 au 0.65. Usiibane kupita hapo bila sababu, kwa kuwa cheche fupi mno huifanya injini itetemeke ikiwa imesimama. Pima kwa geji, usipime kwa jicho. Kwa plagi yenye ncha nyembamba ya iridiamu, usiegemeze chombo juu ya ncha hiyo, maana huvunjika. Sogeza taratibu ule mkono wa pembeni peke yake.

La tatu ni madini ya ncha. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,455, platinamu 1,768, na iridiamu 2,446. Plagi ya nikeli, ambayo mafundi huiita ya shaba kwa ajili ya kiini chake, ni rahisi kwa bei, nayo hufanya kazi njema hata katika gari lenye nguvu nyingi, ila huchakaa mapema. Iridiamu hudumu zaidi, na kwa kuwa ncha yake ni nyembamba, huhitaji umeme mdogo kutoa cheche. Mwenye kipato kidogo asione haya kutumia nikeli ya daraja sahihi na kuibadili mara kwa mara. Nikeli ya daraja sahihi ni bora kuliko iridiamu ya daraja potofu. Vilevile jihadhari na bidhaa bandia, ambazo NGK wenyewe wametahadharisha watu juu yake. Tazama maandishi yaliyochapwa juu ya kaure, unyofu wa mkono wa pembeni na usafi wa nyuzi, na bei ikiwa chini mno kuliko kwa wengine, jiulize kwa nini.

Ufungaji nao una adabu yake. Ngoja injini ipoe kabisa. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kila upande, na plagi zimejificha ubavuni; kwa hiyo puliza mchanga kwanza usije ukaanguka ndani. Anza kuzungusha kwa vidole, si kwa spana, kwani kifuniko cha silinda ni cha aluminiamu na nyuzi zake huharibika upesi. Ikishikana, tumia spana yenye kipimo: plagi ya milimita 14 yenye washa hutaka nyutonimita 25 hadi 30. Usiyekuwa na kipimo, ongeza nusu ya mzunguko au zaidi kidogo kwa plagi mpya, kisha uache. Usipake grisi; hupotosha kipimo ukakaza kupita kiasi.

Baada ya kilomita mia chache, zifungue uzisome kama daktari asomavyo ulimi wa mgonjwa. Kaure ya rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi au plagi baridi mno. Nyeupe yenye malengelenge ni joto la kupita kiasi. Ukiona vidoa vidogo vyeusi au vinavyong'aa kama fedha, usiendeshe tena. Injini inagonga, na vile ving'aavyo ni chembe za pistoni yako mwenyewe.

Mwisho, usidhani plagi ni tiba ya kila ugonjwa. Magari haya yalipangwa kwa petroli bora ya Japani, ambayo kwa kanuni za huko haipungui oktani 96. Soma oktani iliyoandikwa penye pampu unayotumia, umwambie fundi wako apange injini kwa petroli hiyo, si kwa ile ya ndoto. Na kama fedha hazitoshi kwa plagi, petroli na mpango mzuri wa kompyuta, basi shusha shinikizo la tabo. Hakuna aibu katika kuendesha gari kama kiwanda kilivyolitoa.

Mpwa wangu amelipa deni lile kwa miezi kumi. Nyumba ya mama yake ingali imefunikwa kwa turubai upande mmoja. Jumapili moja alikuja kwangu na kikasha cha plagi mpya na jedwali la ulinganisho mkononi, akaniomba tusome pamoja namba moja moja kabla hajazifunga. Mama yake alikuwa ameketi ukumbini akitusikiliza. Tulipomaliza aliuliza swali moja tu: "Hizo ndizo zilizotaka kuulizwa siku ile?" Kijana akainamisha kichwa, akajibu, "Ndizo, mama."

Kuuliza dukani ni bure, ndugu msomaji. Hadi Jumapili ijayo, nakutakia safari njema.