Neno la Siri Halipandi Basi

Leo tutakuwa wakali kidogo, mtuvumilie.

Mwenzetu mmoja ameolewa Katandala, pale Sumbawanga, kwenye baridi ya Ufipa ambako sisi wa pwani tuliompeleka tulilala na masweta. Kabla ya safari tulimfanyia singo hapa nyumbani. Wanawake watupu, mlango umefungwa, simu zetu zote zimekusanywa kwenye kikapu. Kifaa kimoja tu kiliruhusiwa kupiga picha, kishikwambi cha bibi harusi mwenyewe, ile tableti aliyopewa na kaka yake. Tuliona hivyo ndiyo salama, maana picha zile ni zetu sote: vichwa wazi, kanga kifuani, na yeye katikati na hina imempanda mpaka magotini.

Miezi michache baadaye kikaanguka sakafuni, kioo kikapasuka. Fundi wa jirani akamwambia kioo cha aina ile hana, akamwelekeza kwa mwenzake wa Dar es Salaam anayepokea vifaa kwa vifurushi vya basi, vya majumbani na vya shule. Masharti yakaja kwa WhatsApp: funga vizuri kwenye boksi, lipia mzigo, andika namba ya simu na neno la siri kwenye karatasi, bandika juu ya kifaa. Akabandika. Na nani kati yetu hajawahi kubandika?

Kikashuka Tunduma, Mbeya, Iringa, Morogoro, zaidi ya kilomita 1,100. Baada ya wiki mbili kikarudi kioo kinang'aa. Siku ya tatu ukaingia ujumbe: "Dada, kifaa kinakwenda vizuri? Hina ilikupendeza sana, hasa ya miguuni."

Basi, hayo tu. Hakumtisha wala hakuomba pesa. Lakini miguu ile waliiona mume wake na sisi tuliokuwa chumbani. Mwenzetu alikaa siku nne hajamwambia mtu, hata mume. Alipotupigia, kila mmoja wetu alikumbuka kwanza alikuwa amevaa nini siku ile.

Tukalipeleka jambo kwa wakubwa. Jibu la kwanza: "Nani aliwatuma kupiga picha?" Hapa ndipo tunapogomba. Sawa, asiyetaka kupiga picha za ndani asipige, na kuna bibi harusi wengi wamechagua hivyo, Allah awalipe kheri. Lakini tableti ile ni kasha. Bibi zetu walikuja kwa waume zao na makasha yenye kufuli, na bawaba ikilegea fundi aliitwa. Hakuna aliyempa ufunguo aanze kupekua kanga na nguo za ndani, na angepekua, asingelaumiwa mwenye kasha kwa kuwa na nguo. Suratun-Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe. Aliyechungulia ndiye aliyevunja amana.

Wala tusijidanganye kwamba ni tabia ya mafundi wa uchochoroni. Mwaka 2016 mwanafunzi mmoja wa Oregon, Marekani, alituma iPhone yake kutengenezwa katika kituo cha mkandarasi wa Apple kule California. Mafundi wawili wakazirusha picha zake za faragha kwenye ukurasa wake mwenyewe wa Facebook, kana kwamba kaziweka yeye. Alilipwa mamilioni ya dola, habari ikajulikana 2021. Katika utafiti uliotolewa 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, walipeleka kompyuta kwa mafundi 16, zikiwa zimetegwa kurekodi kinachofunguliwa. Kwa mafundi sita mafaili ya mteja yalichunguliwa, na wawili kati yao walinakili na kubaki nayo. Kompyuta zilizoonekana ni za wanawake ndizo zilizochunguliwa zaidi.

Na kubadilisha kioo hakuhitaji neno la siri! Kioo kipya kinajaribiwa kifaa kikiwa kimefungwa: unabonyeza tarakimu za kufungulia, unafungua sehemu ya simu ya dharura, unaona kidole kinasomeka wapi na wapi hakisomeki. Anayesema hawezi kupima bila kuingia ndani, anatafuta wepesi wake. Android za miaka hii huvuruga karibu kila kilichohifadhiwa ndani mpaka neno la siri liingizwe, kwa hiyo karatasi ile uliyobandika ndiyo ufunguo wenyewe. Yeyote atakayelifungua boksi njiani atauona. Kadi ya memori ndiyo mbaya zaidi, mara nyingi husomeka popote ikichomekwa. Itoe, na laini itoe.

Walimu wetu nao wasikae pembeni. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu, na leo vimebeba alama za wanafunzi, picha za watoto, namba za wazazi. Mwalimu akikituma na karatasi juu, ametuma darasa zima. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Taarifa iliyochukuliwa kwa kazi moja haitumiwi kwa nyingine. Namba ya simu iliandikwa kwenye boksi ili mzigo ufike. Haikuandikwa ili fundi asifie hina. Mlalamikaji ana pa kwenda, na mwenzetu tumemwambia autunze ujumbe ule, asiufute kwa hasira.

Halafu tujiulize sisi wenyewe wa kamati za harusi. Tunachangishana mamilioni ya kupamba ukumbi wa usiku mmoja, na mpambaji lazima awe mwanamke, mpiga picha mwanamke, hata wa muziki tunamtafuta mwanamke. Picha zikishaingia kwenye kifaa hatuulizi tena nani atakishika. Msichana wa kwetu anayetaka kujifunza ufundi wa simu VETA tunamcheka, eti kazi ya kiume. Tena Katandala ndiyo inamhitaji zaidi kuliko sisi, maana huku mtu anaweza kukaa kwenye kibao cha fundi mpaka kazi iishe, na kule kifaa kinapanda basi.

Kishikwambi cha mwenzetu kimeanza tena, safari hii hakipokei chaji. Kimefungwa kwenye leso kabatini. Wiki iliyopita tulipiga simu kwa mafundi watatu tukiuliza swali moja tu: utakipokea bila neno la siri? Wa kwanza akakata simu. Wa pili akasema wateja wote wanatoa, sisi tuna nini cha kuficha. Wa tatu akacheka kidogo, akasema chaji anaipima kwa mita, haingii ndani kabisa, tukitume kimefungwa. Jumamosi kinaondoka, bila kadi, bila laini, bila karatasi.