Uzito Si Farasi: Tuliongelee Neno "Handicap"

Leo tuna neno moja tu mezani. Sisi tuliotoka Congo na Burundi tulikuja nalo kutoka kwenye Kifaransa, tunalitamka "andikape". Mama anayetembea kwa magongo, andikape. Mtoto asiyesikia, andikape. Mpaka jina la mtu linasahaulika: "Hebu niitie yule andikape wa karibu na bomba." Wafaransa nao walilichukua kwa Waingereza, na Waingereza walilitoa mahali ambapo wengi hawapafikirii: kwenye mbio za farasi.

Kuna hadithi inazunguka kwenye simu, eti neno hili linatokana na ombaomba mlemavu aliyesimama barabarani na kofia mkononi. Hadithi hiyo si kweli, na inaumiza. Kofia ilikuwepo, ni kweli, ila haikuwa ya kuombea.

Karne ya 17 huko Uingereza kulikuwa na mchezo wa kubadilishana vitu ulioitwa "hand in cap", yaani mkono ndani ya kofia. Tuseme mmoja ana koti, mwenzake ana saa, na wanataka kubadilishana. Wanamtafuta mtu wa tatu awe mwamuzi. Wote wanaweka pesa kidogo ya dau. Mwamuzi anatazama vitu vyote viwili, anasema: saa ina thamani zaidi, kwa hiyo mwenye koti aongeze kiasi fulani. Halafu wale wawili wanaingiza mikono kwenye kofia na kuitoa kwa pamoja. Mkono unavyotoka ndivyo unavyoonyesha kama mtu amekubali au amekataa. Wakikubali wote, au wakikataa wote, mwamuzi anachukua dau. Akikubali mmoja tu, dau ni la aliyekubali. Samuel Pepys, karani wa serikali aliyeandika shajara maarufu sana London, aliutaja mchezo huu mwaka 1660, akasema ulikuwa mgeni kwake.

Karne iliyofuata, watu wa mbio za farasi waliuchukua mpango huo. Farasi mmoja akijulikana kuwa na mbio kuliko wenzake, nani atakubali kushindana naye? Basi mwamuzi aliamua farasi aliye bora aongezewe uzito, ili wote wawe na nafasi ya kushinda. Mpaka leo wanafanya hivyo: vipande vya madini ya risasi vinatiwa kwenye mifuko ya kitambaa kinachokaa chini ya tandiko. Uzito huo ndio "handicap".

Sasa sikilizeni. Mwaka 1973, kwenye mbio za Grand National kule Aintree, Liverpool, farasi aitwaye Crisp alipewa uzito wa juu kabisa, kama kilo 76. Mwenzake Red Rum alibeba kama kilo 66. Mbio zile zina vizuizi vya kuruka, na wakati huo zilikuwa zaidi ya kilomita 7. Crisp aliongoza kwa mbali sana, akachoka mwishoni kabisa, Red Rum akampita kwa chini ya urefu wa farasi mmoja. Mwaka uliofuata, Red Rum mwenyewe ndiye aliyepewa zile kilo 76. Akashinda tena. Hakuna mtu pale uwanjani aliyesema Crisp ni farasi mbovu. Kila mtu aliuona uzito na kujua nani kauweka.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Waingereza na Wamarekani wakaanza kulitumia neno hili kwa watu wenye ulemavu. Hapo ndipo kitu kilipotea njiani. Uzito uliokuwa juu ya tandiko ukahamia ndani ya mtu. Mwamuzi akatoweka kwenye hadithi. Akabaki mtu peke yake, na neno limemganda kama jina.

Tusidanganyane, mfano wa farasi una mwisho wake. Hakuna aliyetuwekea mizigo kwa sababu eti tuna nguvu kuliko wengine. Kwenye mbio, uzito unawekwa ili haki itendeke. Kwetu mara nyingi ni kinyume: aliyechoka ndiye anayeongezewa. Lakini jambo moja tunataka kulishika kwa mikono miwili: uzito si farasi. Uzito una aliyeuweka, na kilichowekwa kinaweza kutolewa.

Lugha yetu nayo ina kazi ya kufanya. Kilema, kiwete, kipofu: maneno haya yamekaa kundi moja na kiti na kijiko. Leo tunasema "mtu mwenye ulemavu", mtu anatangulia. Ni vizuri. Lakini viziwi wa Tanzania wana chama chao, na kwenye jina lake wameliweka neno "viziwi" bila aibu. Kumbe siyo neno peke yake. Ni nani kalichagua. Hata shirika lililoanza mwaka 1982 likiwasaidia wakimbizi wa Kambodia kwenye kambi za Thailand, likiitwa Handicap International, mwaka 2018 lilibadilisha jina likawa Humanity & Inclusion.

Mtu atasema: maneno hayajazi sufuria, tupeni chakula. Tunamwelewa. Ila maneno ndiyo yanayojaza fomu, na fomu ndiyo inayoamua kinacholetwa. Fomu ikisema shida ni mguu wa mama yule, ataletewa huruma na blanketi. Fomu ikisema shida ni ngazi tatu za choo, foleni ya saa nne kwenye jua, na njia ya matope isiyopitisha kiti cha magurudumu, basi italetwa saruji, atawekewa dirisha lake la mgao, na njia itatengenezwa. Mama ni yuleyule. Kilichobadilika ni mahali tulipouona uzito.

Na sisi vijana wote, wenye ulemavu na wasio nao, tunalo jambo letu hapa. Mwaka 2018 mataifa yalikubaliana mkataba wa kimataifa kuhusu wakimbizi, na ndani yake mnazungumzwa kugawana mzigo na wajibu. Tunashukuru kwa wajibu. Lakini katika maneno hayo, mzigo ni nani? Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani ukibebwa na mwingine unauona mwepesi. Sisi tumefanywa mzigo wenyewe, wakati mgongo wetu ndio umebeba. Kijana wa miaka 20 anayehitaji kibali ili atoke kambini, asiyeruhusiwa kuajiriwa, ambaye cheti chake cha shule hakitambuliwi, huyo ana kilo nyingi kwenye tandiko. Uganda, sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea nchini na kufanya kazi. Maisha bado ni magumu kule, lakini hilo linatuonyesha kwamba kilo zile hatukuzaliwa nazo.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, tunaomba mambo matatu. La kwanza, ulizeni jina kabla ya hali. La pili, mnapoandika ripoti, andikeni uzito uko wapi na nani anaweza kuupunguza, msiishie kuhesabu walio "dhaifu". La tatu, turudishieni kofia. Katika ule mchezo wa zamani pande zote mbili ziliingiza mkono, na kila mmoja alikuwa na ruhusa ya kukataa. Mikutano mingi tunayoitwa, uamuzi umeshafanyika. Tunaitwa kupiga picha na kusaini karatasi ya mahudhurio. Mkono wetu unajulikana kwa kupokea tu. Tunataka siku moja tuutoe mtupu, tuseme hapana, na mradi upimwe upya.

Na sisi wenyewe, vijana, tuanze kesho asubuhi. Yule wa karibu na bomba ana jina. Tumwite.