Kinyota Si Alama ya Kubahatisha

Wapo wasomaji, tena wasomi, wakikuta kinyota mbele ya neno katika kitabu cha isimu hutabasamu kwa dharau. Kinyota hicho huonyesha kwamba neno halijaonekana katika maandishi yoyote, bali limeundwa upya kutokana na lugha zilizozaliwa baadaye. Basi hizo ni ndoto za watu wa maktaba, husema. Kisichoandikwa hakina ushahidi. Dai hilo ni jepesi kulimeza, na ni la uongo.

Chukua farasi na jina katika lugha za jamii ya Kituruki. Mkazaki huviita vyote viwili at. Mturuki wa Uturuki hutenganisha: farasi at, jina ad, farasi wake atı, jina lake adı. Ukibaki kwa hao wawili hutajua tofauti hiyo imetoka wapi. Nenda basi kwa Wasaha wa Siberia: farasi ni at, lakini jina ni aat, irabu imevutwa. Waturkmeni nao huivuta, ingawa tahajia yao haionyeshi. Sadfa? Haya, jaribu nyasi na moto. Kituruki kina ot na od (hili la pili siku hizi ni la kizamani). Kisaha kina ot na uot. Pale Msaha anapokata irabu, Mturuki ana t. Pale anapoivuta au kuipasua, Mturuki ana d. Urefu umetoweka Uturuki, ila umeacha kovu kwenye konsonanti. Anayeandika *at kwa farasi na *āt kwa jina hajabuni kitu. Amesoma kovu.

Wengine hujibu kwamba asili itafutwe kwenye maandishi ya kale, yaani mawe ya Orkhon huko Mongolia. La Kül Tigin ni la mwaka 732, na Vilhelm Thomsen alifumbua hati yake mwaka 1893. Ni hazina, sikatai. Lakini humo tisa ni tokuz, kwa z, kama dokuz ya leo, ilhali Mchuvash wa bonde la Volga husema tăhăr, kwa r. Wala r hiyo si ya jana: Wahungaria waliazima maneno ya upande huo kabla ya kuhamia nchi yao ya sasa mwishoni mwa karne ya 9, na hadi leo maksai kwao ni ökör, mapacha ni iker, Mturuki husema öküz na ikiz. Jiwe, kwa uzee wake wote, ni tawi moja.

Ni kweli wataalamu hawajaafikiana kama sauti ya mwanzo ilikuwa ya aina ya r au z. Wanabishania ilivyotamkwa, kwamba dokuz na tăhăr ni neno moja, hawabishani. Kwa hiyo anayeikataa *āt atueleze kwa nini mtu wa Istanbul husema adı lakini atı, na kwa nini Msaha, aliye mbali naye maelfu ya kilomita, huvuta irabu palepale.