FAIDA YA KARATASI HAILIWI



Sisi wa reli tunaokaa Endebess hulipwa kwa zamu tulizofanya, si kwa zamu tulizokadiriwa. Makampuni ya majumba hayahesabu hivyo. Jambo hili latuhusu, maana sheria ya Kenya yaruhusu mfuko wa pensheni kuweka hadi asilimia 30 ya fedha zake katika ardhi na majumba. Fedha hizo ni jasho letu.

Hesabu yao ni hii. Kila mwaka mthamini hukadiria bei ya jumba. Ikipanda, nyongeza yaweza kuandikwa faida hata kama hakuna senti iliyoingia. Tena kampuni iliyokopa kwa riba ya kupanda na kushuka huweza kufanya mkataba na benki ili ilipe riba isiyobadilika. Mkataba huo nao hupewa bei. Riba ya soko ikipanda, huandikwa faida, ikishuka, hasara. Ukikaa mpaka siku yake ya mwisho, bei hiyo hurudi sifuri. Kwa sababu hiyo makampuni mengi huiondoa yanapotangaza "faida iliyorekebishwa".

Hatupingi kuiondoa. Twapinga ujanja. Kampuni ikiiondoa mwaka wa hasara, kisha ikaiacha mwaka wa faida ili ipigiwe makofi, huo ni udanganyifu. Mkulima wa hapa kwetu hahesabu mahindi ya shambani kuwa gunia ghalani. Mvua na nyani hawajasema neno lao. Wala hayahesabu mwaka huu na kuyaficha mwaka ujao. Na tusisahau: mkataba ukivunjwa kabla ya siku yake, hasara ile hulipwa kwa fedha taslimu.

Tazameni mfuko wa majumba uitwao Fahari, ulioingia soko la hisa la Nairobi mwaka 2015. Kipande kimoja kiliuzwa shilingi 20. Mwaka 2023 wenye vipande wadogo walipewa nafasi ya kuuza kwa shilingi 11, ingawa vitabu viliandika thamani kubwa kuliko hiyo. Hatusemi mtu aliiba. Twasema bei ya mthamini ni moja, na fedha mkononi ni nyingine.

Kwa hiyo twataka wajumbe wetu katika mifuko ya pensheni wasimame na kuuliza maswali matatu. Kodi iliyoingia kweli ni kiasi gani? Deni la kulipwa mwaka huu ni kiasi gani? Na marekebisho ya mwaka huu, je, yalifanywa vile vile mwaka jana?

Wakijibiwa kwa maneno makubwa, waulize tena. Misheni tulifundishwa kujumlisha na kutoa, hiyo yatosha. Mjumbe anayeona haya kuuliza leo, kesho atatuambia nini tukiwa wazee bila pensheni?

Umoja ni nguvu.