Kabla ya Picha, Kuna Aliyempima?

Tuambiane ukweli, vijana wenzetu. Ile picha mnaijua: wilchea mpya ingali na plastiki yake, mtoto amekalishwa, watu kumi wamesimama nyuma wanatabasamu. Wengi wetu tumeipigia laiki na kuisambaza. Swali ambalo kwenye picha halionekani ni hili: kuna aliyempima huyo mtoto?

Manake wilchea si saizi moja ya watu wote. Upana wake unafuata upana wa nyonga. Kikalio kinapimwa kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, halafu unapunguza sentimita 3 hadi 6 ili ukingo usimkate. Mto nao si urembo. Kwa asiyehisi sehemu ya chini ya mwili, kidonda kinaanza makalioni bila yeye kujua, na kikiingia ndani kinaweza kumuua. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 wenye hatua nane za kumpatia mtu wilchea: kuna kumkagua, kuna kumjaribishia, kuna kumfundisha yeye na jamaa zake, kuna kurudi baadaye kuangalia kiti. Sisi tunafanya mbili tu, kununua na kukabidhi.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ukimweka kwenye kiti cha mtu mzima, nyonga zinateleza mbele, mgongo unapinda, kichwa kinaanguka. Na hapa ndipo wengi hatufikirii: aliyekunjika hivyo hapumui vizuri, na pumzi ikibanwa sauti haitoki. Nyonga zikishikwa na mkanda, mbavu zikaegemezwa, kichwa kikapata pa kutulia, saa zingine yule mliyedhani hawezi kuongea anaanza kueleweka.

Na sauti siku hizi ni mkono. Simu au kompyuta inaendeshwa kwa maneno matupu: fungua, shuka chini, bonyeza, andika. Kwa ambaye mikono yake haifanyi kazi, hiyo ni shule, ni kazi ya mtandaoni, ni kusoma meseji zake mwenyewe bila kupitishia kwa kakake. Kuandika Kiswahili kwa sauti kuliingia kwenye kibodi ya simu ya Google mwaka 2017. Lakini kuandika ni jambo moja, kuiamuru mashine ni jingine. Voice Access ya Windows 11 ilianza na Kiingereza. Tena hizi mashine zimejifunza zaidi kwa sauti za watu wanaotamka sawasawa. Mwenye ulimi mzito anarudia neno mara tano, anachoka, anaacha, halafu watu wanasema hataki kujaribu.

Hapo tuna la kufanya. Common Voice ya Mozilla inakusanya sauti za Kiswahili: unasoma sentensi fupi, unarekodi, basi. Kama una bando la TikTok usiku kucha, una bando la hiyo. Anahitajika wa Lamu, wa Kibera, wa Garissa, na zaidi yule ambaye matamshi yake hayafanani na ya wengine.

Lakini msiichukue kama hisani. Ibara ya 54 ya Katiba yetu inasema mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Ujuzi hauko mbali pia. APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, kipo tangu 1958, na hapo Bombolulu, Mombasa, wilchea zinaundwa na wenye ulemavu wenyewe. Kinachokosekana ni sisi kuuliza maswali ya maana.

Kwa hivyo kaunti ikiita wananchi kwenye kikao cha bajeti, msiulize tu wilchea ngapi zitanunuliwa. Ulizeni wapimaji ni wangapi, spea zinapatikana wapi, na tairi ikipasuka Hola nani anaitengeneza. Aulize mwenye wilchea mwenyewe, nyinyi mkiwa kando yake. Na mtangulie kuuona huo ukumbi, manake wakiupeleka mkutano ghorofani pasipo na lifti, atabaki chini na maswali yake.