Kizunguzungu Kisichokwisha

Mara nyingi katika ukurasa huu nazungumza juu ya magonjwa ya watoto au ya wagonjwa ninaowahudumia. Mwezi huu nitawasimulia ugonjwa ulionipata mimi mwenyewe, kwa sababu naamini wako wenzangu wanaoteseka nao kimya kimya majumbani.

Ilikuwa mwezi wa Julai mwaka 2018. Niliamka saa kumi na moja alfajiri niwapikie watoto uji kabla ya kwenda kazini. Nilipoinua kichwa kwenye mto, chumba chote kilianza kuzunguka. Kabati lilikuwa linakimbia upande wa kushoto bila kufika popote. Nilishika kitanda kwa mikono miwili nikamwita mume wangu. Nikifumba macho nazunguka mimi, nikifumbua inazunguka nyumba. Nilitapika mpaka nyongo.

Nimekuwa nesi zaidi ya miaka ishirini. Wagonjwa wengi wamenieleza habari za kizunguzungu, na nakiri kwamba wengine niliwajibu, "Mama, ni uchovu tu, nenda ukapumzike." Siku ile ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimewaelewa.

Hospitalini nilipimwa malaria, presha, sukari na wingi wa damu. Vyote vilikuwa sawa. Daktari alipoyatazama macho yangu aliona yanachezacheza yenyewe kuelekea upande mmoja. Akaniuliza kama nilikuwa na mafua. Nilikuwa nayo wiki iliyotangulia. Akaniambia kwamba mshipa wa fahamu unaotoka katika sikio la ndani umevimba, na kwamba jambo hili mara nyingi hudhaniwa kuletwa na virusi. Kuzunguka kukali kungepita baada ya siku chache, lakini kuyumba kungeweza kukaa wiki nyingi, hata miezi.

SIKIO SI LA KUSIKIA TU

Ndani kabisa ya sikio, katika mfupa wa kichwa, mna vijibomba vitatu vilivyopinda kama nusu ya pete na kujaa majimaji. Tukigeuza kichwa, majimaji yale husukumwa, na ubongo hupata habari kwamba tumegeuka. Mwili hutegemea mambo matatu ili usimame wima: macho, miguu pamoja na viungo, na sikio la ndani. Ni kama chungu juu ya mafiga matatu. Figa moja likivunjika, chungu huinama. Sikio moja likileta habari za uongo wakati jingine linaleta za kweli, ubongo huchanganyikiwa, na sisi tunaona dunia inazunguka.

Jambo jema ni kwamba Mungu ameupa ubongo uwezo wa kujifunza upya. Polepole huzoea hali ya sikio lile na kuegemea zaidi mafiga yaliyobaki. Ndiyo maana gizani mgonjwa huyumba zaidi, maana macho hayawezi kumsaidia.

KILICHONIUMA ZAIDI

Baada ya siku tano niliweza kusimama. Wiki ya tatu nilijaribu kwenda dukani kununua chumvi. Nilikwenda nikiyumba na kushika ua wa jirani. Mtoto wangu wa mwisho, wakati ule akiwa na miaka sita, aliniuliza, "Mama, umelewa?" Nilicheka. Lakini wapo watu wazima waliouliza swali hilo hilo bila kuniuliza mimi. Haukupita mwezi habari zikafika kanisani kwamba mama nesi siku hizi anakunywa. Wengine walisema ni mapepo. Mwingine alisema nimeona kazi ngumu nikaamua kujilaza.

Dada zangu, nililia sana. Nilikuwa sina kidonda cha kuonyesha wala homa ya kupimwa. Nikaacha kwenda ibadani kwa majuma mawili kwa aibu. Aliyenitoa ni mama mmoja wa kikundi chetu. Alikuja na ndizi na maziwa, akaketi, akasema, "Nieleze unavyojisikia." Nikamweleza. Jumapili iliyofuata alinishika mkono njia nzima, tukaingia pamoja, tukaketi karibu na ukuta. Tangu siku ile maneno yalipungua.

Basi, mama mwenzangu, ukiona mtu anayumba, muulize yeye kwanza kabla ya kuwaambia wengine.

SI KILA KIZUNGUZUNGU NI KIMOJA

Lugha yetu hutumia neno moja kwa mambo mengi. Kwa hiyo hospitalini usiishie kusema, "Nina kizunguzungu." Eleza kama unaona giza na kutaka kuzimia, jambo ambalo huweza kuletwa na upungufu wa damu, presha kushuka au njaa, au kama vitu vinazunguka. Eleza pia kinadumu muda gani.

Kizunguzungu kinachokuja kwa sekunde chache unapojigeuza kitandani au kutazama juu, mara nyingi huletwa na chembe ndogo za chokaa zilizobanduka mahali pake ndani ya sikio. Huyo anaweza kusaidiwa bila dawa, kwa kulazwa na kugeuzwa kichwa kwa utaratibu maalum na mhudumu aliyefundishwa. Kinachorudi mara kwa mara kwa saa kadhaa, pamoja na mlio sikioni na kusikia kwa shida, kinaweza kuwa ugonjwa ulioelezwa na daktari Mfaransa Prosper Ménière mwaka 1861. Mtaje daktari dawa zote ulizotumia, hasa kwinini na sindano za gentamaisini au streptomaisini, kwa maana zinaweza kudhuru sikio.

NENDA HOSPITALI MARA MOJA

Usingoje kesho ikiwa kizunguzungu kimekuja pamoja na mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili viwili, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, kuzimia, au kushindwa kabisa kusimama. Huenda ni kiharusi. Hali kadhalika sikio likiziba ghafla lisisikie, likitoa usaha, au ukiwa na homa na shingo ngumu. Usitie mafuta ya moto wala maji ya majani sikioni.

YALIYONISAIDIA

Vidonge vya kuzuia kizunguzungu na kutapika nilivimeza siku tatu tu. Vikitumiwa muda mrefu huuchelewesha ubongo kujifunza. Usiendelee kuvinunua dukani mwenyewe, na kama una mimba au unanyonyesha, mwambie daktari kabla ya kupewa.

Baada ya hapo nilifundishwa mazoezi. Mazoezi ya namna hii yalianzishwa Uingereza miaka ya 1940 na madaktari Cawthorne na Cooksey. Niliketi kwenye kiti, nikanyoosha kidole gumba mbele yangu na kukaza macho kwenye ukucha. Kisha nikageuza kichwa kulia na kushoto kama anayekataa, halafu juu na chini kama anayekubali, macho yasiache ukucha. Nilianza kwa nusu dakika, mara tatu kwa siku. Baadaye nilifanya nimesimama karibu na ukuta, na mwishowe nikitembea. Mwanzoni mazoezi huongeza kizunguzungu kidogo. Usiogope, na usilale kitandani mchana kutwa. Anayelala muda wote huchelewa kupona.

Nyumbani tulibadili mambo machache. Binti yangu mkubwa alishika jiko, kwa kuwa moto na sufuria ya mafuta si vya mtu anayeyumba. Sikuchota maji kisimani wala kupanda juu ya kiti. Mtoto mchanga wa dada yangu nilimpakata nikiwa nimeketi tu. Usiku niliweka tochi kando ya mto, na kabla ya kusimama niliketi kwanza ukingoni mwa kitanda nikihesabu mpaka ishirini.

Mwezi wa pili nilirudi kazini kwa nusu siku. Mwezi wa tano nilibeba ndoo ya maji kichwani kutoka bombani mpaka jikoni. Mume wangu alisimama mlangoni akinitazama, asiseme neno, kisha akaenda kuniletea ndoo ya pili.

Wapo wanaopona upesi kuliko mimi na wapo wanaochelewa zaidi. Kama bado unazungukwa na dunia, usijihukumu kwamba umekosa imani au wewe ni mvivu. Omba, lakini pia pima, fanya mazoezi yako, na mweleze mumeo kwa maneno yaliyo wazi. Asiyeambiwa hawezi kujua.

Tuonane mwezi ujao. Mungu awalinde.